Mgongo wa binti ukinyooshwa kwa chuma, atazaa?

Juma hili nimeyaweka kando yale niliyokuwa nimeyaandaa kwa sababu ya barua niliyoipokea kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Section 58, jijini Nakuru. Ni barua ya kurasa mbili, iliyoandikwa kwa mkono, na ndani yake mna swali linalomhusu kila mzazi aliye na mtoto anayekua.

Mama huyu ana binti wa miaka 14. Shule zilipokuwa zikikaribia kufunguliwa alimpeleka kwa fundi wa nguo ili ashonewe sketi mpya. Fundi alipiga pindo, lakini msichana alipoivaa, sketi ikaning'inia upande mmoja. Akafumua, akapima tena, akashona upya. Ikaning'inia upande ule ule. "Mama," fundi akasema, "sketi yangu haina kosa. Hebu mtazame mtoto kiuno."

Usiku huo mama alimwambia bintiye avue blauzi na ainame. Aliloliona lilimtoa machozi. Mbavu za upande wa kulia zilikuwa zimeinuka kama mgongo wa sufuria, na za kushoto zimebonyea. Walikwenda hospitalini, wakapiga picha ya eksirei, na daktari akapima mpindo wa digrii 54. Akawaambia kwamba dawa yake ni upasuaji.

Tangu siku hiyo, nyumba imegawanyika. Baba mtu asema mtoto amalize shule kwanza. Nyanya yake asema hataki hata kusikia: mjukuu wake atapooza, na hata akipona, ataolewa na nani ilhali tumbo halitaweza kubeba mimba na mgongo umejaa vyuma? Mama akamalizia hivi: "Mimi naogopa vyote viwili, kupasuliwa na kutopasuliwa. Niambie tu, akipasuliwa leo, atakuwaje akifika umri wangu wa miaka 41?"

Dada yangu, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Wengi wetu huuliza mtoto atatoka hospitalini lini. Wewe waulizia miaka 27 ijayo. Mimi si mtu wa kumpima mtoto wako kupitia gazetini, kazi hiyo ni ya daktari wake. Lakini swali lako limewahi kuulizwa na kujibiwa, tena kwa hesabu.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kwa lugha ya madaktari huitwa skoliosisi. Uti wa mgongo, ambao kwa kawaida ukitazamwa kwa nyuma huwa umenyooka kama mstari, hupinda upande na wakati huo huo hujisokota. Kule kujisokota ndiko kunakoinua mbavu za upande mmoja. Katika kila watoto 100 wa umri wa kubalehe, wawili au watatu huwa na mpindo wa digrii 10 au zaidi. Mipindo midogo huwapata wavulana na wasichana karibu sawa, lakini ile mikubwa inayohitaji matibabu huwapata wasichana zaidi.

Aina inayowapata vijana aghalabu haina chanzo kinachojulikana, ingawa huonekana zaidi katika baadhi ya koo. Kwa hivyo, mama, usijilaumu. Haikuletwa na mkoba mzito wa shule, wala mtungi wa maji, wala kitanda kibovu, wala kukaa vibaya darasani. Si laana, na hakuna jirani aliyemroga mtoto.

Sasa tuje kwenye zile digrii, kwa maana hapo ndipo uamuzi ulipo. Kipimo hiki kilibuniwa na daktari Mmarekani, John Cobb, mwaka wa 1948, na hadi leo ndicho kitumikacho. Chini ya digrii 25, aghalabu mtoto hutazamwa tu, akipigwa picha kila baada ya miezi kadhaa. Kuanzia hapo hadi 40, ikiwa bado anakua, huvishwa koti gumu la plastiki liitwalo bresi. Ukipita 45 au 50, madaktari huanza kuzungumzia upasuaji.

Kwa nini 50? Kwa sababu imeonekana kwamba mpindo ulio chini ya digrii 30 mtoto anapomaliza kukua kwa kawaida hutulia. Ule uliopita 50 hautulii. Huendelea polepole hata katika utu uzima, na katika migongo mingi iliyofuatiliwa uliongezeka kwa kama digrii moja kila mwaka. Hebu chukua kalamu, dada. 54 ukiongeza miaka 27 ni 81. Si kila mgongo hufuata hesabu hii, lakini baba mtu anaposema "amalize shule kwanza", na aijue hesabu anayoifanya.

Na je, wakimwacha kabisa? Hili nalo limechunguzwa. Katika jimbo la Iowa, Marekani, madaktari waliwafuatilia watu 117 ambao migongo yao haikutibiwa. Walikuwa wameonwa na daktari kati ya miaka ya 1932 na 1948, na matokeo ya nusu karne yalichapishwa mwaka wa 2003. Sitakutisha bure: wengi wao walifanya kazi, wakalea familia, wakazeeka kama wenzao. Lakini 61 katika kila 100 walikuwa na maumivu sugu ya mgongo, ilhali miongoni mwa watu wa umri wao wasio na ugonjwa huu ni 35 katika kila 100. Na wale ambao mpindo wao ulikuwa kifuani na ukapita digrii 80 ndio waliokuwa katika hatari ya kuishiwa na pumzi. Kumbuka ile 81 yetu.

Basi tuingie chumba cha upasuaji. Mtoto hutiwa usingizi mzito na kulazwa kifudifudi. Daktari hupasua katikati ya mgongo, hukaza skrubu katika pingili zilizopinda, huzipitishia fito mbili za chuma, kisha huuvuta mgongo unyooke kadiri inavyowezekana bila hatari. Halafu huweka vipande vya mfupa katikati ya pingili hizo ili, miezi inavyopita, zishikane na kuwa mfupa mmoja. Watu wengi hawalielewi jambo hili. Chuma hushikilia tu, kama vile mti unaofungwa kando ya mche. Kinachomponya mtoto ni ule mfupa unaoungana. Ndiyo maana vyuma huachwa humo ndani maisha yote, isipokuwa vikileta matatizo.

Aliyefungua njia hii ni Paul Harrington wa Houston, Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa na wodi zilizojaa watoto waliopindwa na mgongo kwa sababu ya polio. Alitangaza kazi yake mwaka wa 1962. Wagonjwa wa enzi hizo walikaa miezi mingi ndani ya plasta ngumu. Siku hizi mtoto husimamishwa baada ya siku moja au mbili, na aghalabu hurudi nyumbani baada ya juma moja hivi, kisha hurudi darasani baada ya majuma kadhaa.

Na sasa, dada, jibu la swali lako. Katika jiji la Gothenburg, Uswidi, watu 156 walipasuliwa kwa vyuma vya Harrington kati ya 1968 na 1977, wote wakiwa hawajafika miaka 21. Zaidi ya miaka 20 baadaye, walipokuwa na umri kama wako, waliitwa tena. Zaidi ya tisa katika kila kumi walifika. Walipigwa picha, wakapimwa, wakaulizwa maswali, na kulinganishwa na watu wa kawaida wa umri wao.

Mgongo ulionyooshwa ulikuwa umebaki vile vile. Katika miaka yote hiyo ulirudi nyuma kwa digrii tatu au nne tu. Kati ya wale 156, ni wanane waliokuwa wamepasuliwa tena kwa sababu ya mpindo wao. Walikuwa kazini na majumbani mwao kama majirani zao. Maumivu ya mgongo yalikuwa mengi kiasi kuliko ya watu wengine, lakini kwa wengi yalikuwa mepesi, si ya kumlaza mtu kitandani.

Na watoto? Mwambie nyanya atege sikio. Wanawake wa kundi hilo walitafitiwa peke yao kuhusu uzazi. Walikuwa wamezaa watoto kwa idadi karibu sawa na wenzao, na mimba haikuuharibu mgongo ulioungana. Wengine waliumwa na mgongo wakiwa wajawazito, lakini hata wasiopasuliwa waliumwa. Kuna jambo moja tu la kukumbuka siku hiyo ikifika. Ikiwa vyuma vimeshuka hadi kiunoni, ile sindano ya ganzi ya mgongoni inayochomwa wakati wa kujifungua huenda ikawa ngumu kuingia. Kwa hivyo awaeleze wakunga na daktari mapema, kabla uchungu haujaanza.

Kama nyanya hataki habari za Uswidi, mpe za Uingereza. Huenda anamkumbuka Malkia Elizabeth, ambaye habari za kurithi kiti cha enzi zilimkuta hapa hapa Kenya mwaka wa 1952. Mjukuu wake, binti mfalme Eugenie, alikuwa na ugonjwa huu huu. Alipasuliwa mwaka wa 2002 akiwa na miaka 12, katika hospitali ya mifupa ya Stanmore, London, kwa saa nane, akatiwa fito za titani. Mwaka wa 2018 aliolewa Windsor, na kwa hiari yake alichagua gauni lililoacha mgongo wazi ili dunia nzima ione kovu lake. Ana wavulana wawili, mmoja wa 2021 na mwingine wa 2023.

Lakini sitaki nikuuzie upasuaji kama mtu auzaye mtumba, nikikuonyesha upande mzuri tu. Yapo unayopaswa kuyajua kabla ya kutia sahihi.

La kwanza ni hilo la kupooza. Ndani ya pingili hupita mshipa mkuu wa fahamu, na kuunyoosha mgongo ni kuukaribia mshipa huo. Hatari hiyo ipo, wala asikudanganye mtu. Ila kwa vijana wenye aina hii ya mpindo wasio na ugonjwa mwingine, wanaopata madhara ya mishipa ya fahamu hawafiki mmoja katika kila 100, na baadhi yao hupona. Wakati wa upasuaji, mitambo hufuatilia mishipa hiyo. Pasipo na mitambo, kuna njia ya tangu miaka ya 1970: mtoto huamshwa kidogo katikati ya kazi, akaambiwa achezeshe vidole vya miguu, kisha akarudishwa usingizini. Kwa kawaida huwa hana habari kwamba aliamshwa.

La pili, vidonda vinaweza kuingia viini, na damu hupotea. Jamaa wajiandae kuchangia damu.

La tatu, ile sehemu iliyounganishwa haitapinda tena. Ataokota kitu chini kwa kukunja magoti na nyonga. Kadiri vyuma vinavyoshuka chini kiunoni ndivyo anavyopoteza zaidi wepesi wake, na ndivyo pingili chache zilizobaki zinavyobeba mzigo wote. Baadhi ya wagonjwa wa zamani, waliotiwa vyuma vya Harrington hadi chini kabisa, walipoteza lile bonde la asili la kiunoni, wakawa wanaegemea mbele na kuumwa wakizeeka. Vyuma vilivyofuata, kuanzia vile vya Wafaransa Cotrel na Dubousset vya miaka ya 1980, viliundwa vifuate maumbile hayo.

La nne, mgongo hautakuwa rula. Mpindo hupungua sana, hata kwa zaidi ya nusu, lakini mara nyingi hubaki kidogo. Kuhusu kimo usiogope. Ile sehemu iliyounganishwa hairefuki tena, ni kweli, lakini kule kunyooshwa kwenyewe humwongeza mtoto sentimita kadhaa siku hiyo hiyo.

Basi mkirudi kwa daktari, nendeni na maswali haya kwenye karatasi. Mpindo umeongezeka kiasi gani tangu picha ya kwanza? Binti bado ana miaka mingapi ya kukua? Mtaunganisha kuanzia pingili gani hadi gani? Mtailindaje mishipa ya fahamu? Wewe mwenyewe umefanya kazi hii mara ngapi, na wagonjwa wako wako wapi leo? Daktari mzuri hachukizwi na swali. Akichukizwa, tafuteni maoni ya mwingine.

Picha na vipimo vya kwanza mnaweza kuvipata hapo hapo Nakuru, katika hospitali kuu ya kaunti ambayo wengi wetu bado twaiita PGH. Madaktari wa upasuaji wa mgongo wengi wako Nairobi. Njiani, kule ukingo wa Bonde la Ufa, kuna Kijabe, yenye hospitali ya AIC na jirani yake ya CURE, iliyofunguliwa mwaka wa 1998 kwa ajili ya watoto wenye matatizo ya mifupa. Gharama ni kubwa, na vyuma vyenyewe ndivyo hula sehemu nono. Kabla ya kukubali tarehe, itisheni hesabu iliyoandikwa, kisha nendeni nayo SHA muulize watalipa kiasi gani na mtabakiwa na deni gani. Afadhali harambee inayoanza na takwimu kuliko ile inayoanza na kilio.

Lakini msiache pesa ziwe kisingizio cha kungoja tu. Jirani zetu wa Ethiopia wana funzo hapa. Kwa miaka mingi daktari mmoja anayeishi Addis Ababa, Rick Hodes, amekuwa akiwakusanya vijana waliofichwa au kucheleweshwa, wengi wakiwa na mipindo ya digrii zaidi ya 100, na kuwapeleka hospitali ya FOCOS huko Accra, Ghana. Baadhi yao hukaa kwanza miezi kadhaa wakivutwa kichwa taratibu kwa uzani, ndipo mgongo ulegee na upasuaji uwezekane. Wengi husaidiwa. Lakini safari hiyo ni ndefu, ni ghali, na ina hatari kubwa kuliko ya mtoto mwenye digrii 54. Udongo uwahi ungali maji.

Neno hilo ni lenu pia, wazazi wengine mnaonisoma. Mtoto akishafika miaka 10, mzazi huacha kumwogesha, na hapo mgongo wake hauonekani tena hadi fundi wa nguo auone. Leo alasiri, kwa heshima na faragha, mama amwombe binti yake asimame wima, miguu pamoja, kisha ainame mbele huku mikono ikining'inia. Mkae nyuma yake. Je, upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine? Akisimama, je, bega moja liko juu? Kiuno kimoja kimeingia ndani? Rudieni kila baada ya miezi sita hadi amalize kukua. Na wavulana msiwasahau.

Faida ya kuwahi ni kwamba bresi inaweza kumwepusha mtoto na kisu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 waliovaa bresi, 72 walimaliza kukua bila mpindo kufika digrii 50. Kati ya waliotazamwa tu, ni 48. Na waliofaidi zaidi ni wale waliovaa kwa angalau saa 13 kila siku. Isivaliwe siku za wageni pekee.

Tena, mpindo mdogo si hukumu. Usain Bolt mwenyewe ana skoliosisi, na mwaka wa 2009 kule Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58.

Tahadhari moja. Skoliosisi ya vijana kwa kawaida haiumi sana. Mtoto akiwa na maumivu makali usiku, homa, jasho na kukonda, au mgongo ukichomoza kwa nyuma kama kibiongo, au miguu ikiishiwa nguvu, usingoje. Huenda ni kifua kikuu cha mgongo au ugonjwa mwingine, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Nirudi kwako, dada wa Section 58. Katika barua yako nimesoma maneno ya baba, ya nyanya na yako. Ya binti mwenyewe sikuyaona. Ana miaka 14, ndiye mwenye mgongo, na ndiye atakayeubeba hadi uzeeni. Mketi naye, mmweleze yote haya, mazuri na mabaya, kisha mumsikilize. Huenda ana hofu ambayo hajamwambia mtu, ama ana ujasiri ambao nyinyi watu wazima hamna.

Ukiniuliza atakuwaje akifika miaka 41, naweza kukuambia hivi kwa kuwatazama waliomtangulia: yaelekea atakuwa mwanamke afanyaye kazi yake, mwenye kovu refu mgongoni, asiyeinama upesi kama wenzake, anayelalamika mgongo siku za baridi. Na watoto, Mungu akijalia, atazaa. Nyanya na asomewe aya hii mara mbili.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.